Namna ya Kuchagua Sailensa Mbadala ya Pikapu na Kukadiria Gharama Yake

Pikapu ni gari la kazi, na sailensa yake hupata misukosuko ambayo sailensa ya gari dogo la abiria huipata kwa nadra: bomba lake ni refu, linapinda kupita juu ya ekseli ya nyuma, chesisi hujinyonga kidogo kila gurudumu moja linapoingia shimoni, na mzigo ukiongezwa bodi hushuka hadi ekseli ikakaribiana na bomba. Anayechagua sailensa mbadala kwa kutazama picha na bei peke yake mara nyingi hulipa mara mbili, kwanza dukani na kisha kwa fundi wa kuchomelea. Mpangilio ninaouamini mimi ni huu: pima kwanza, chagua baadaye, uliza bei mwishoni, na bei utakayouliza iwe ya kazi nzima, si ya dumu la chuma tu.

Hatua ya 1: Hakikisha kwamba sailensa ndiyo yenye kasoro

Ingia chini ya gari injini ikiwa imepoa kabisa, gari likiwa juu ya stendi imara wala si juu ya jeki peke yake, kisha ugonge sailensa taratibu kwa mpini wa nyundo. Sailensa nzima hutoa mlio mfupi na mzito. Iliyooza huchakacha kama kopo lenye mchanga, kwa sababu vipande vya kutu vimebanduka ndani na vinatembea. Tazama pia maungio: michirizi myeusi ya masizi ni alama kwamba moshi unavuja hapo, na huenda unachohitaji ni gasketi na boti mbili mpya tu. Mlio wa kugonga-gonga unaosikika upande wa injini asubuhi, kisha ukapungua injini ikishapata moto, kwa kawaida hutokana na gasketi ya manifoldi (mabomba yanayokusanya moshi pale unapotoka kwenye injini) au ufa kwenye manifoldi yenyewe, na hakuna sailensa itakayouponya. Vivyo hivyo mchakacho unaotoka kwenye kataliti, kile kifaa cha kusafisha moshi ambacho mafundi wengi hukiita masega, ni tatizo jingine lenye bei nyingine.

Ukigundua kwamba sailensa imeoza, jiulize imeozaje, kwa kuwa jibu litakusaidia kuchagua chuma. Kila lita 1 ya petroli inayoungua huzaa takriban lita 1 ya maji, ambayo hutoka yakiwa mvuke. Safari zikiwa fupi, sailensa haipati moto wa kutosha kuyakausha, nayo hubaki humo yakiwa na tindikali hafifu na kukila chuma kutoka ndani. Pikapu inayotembea kilomita chache kila siku inaweza kuozesha sailensa mapema kuliko ile inayosafiri masafa marefu, hata kama ya pili inaonekana chakavu zaidi kwa nje.

Hatua ya 2: Chukua vipimo kabla ya kuzungumza na muuzaji

Andika kwenye karatasi kipenyo cha nje cha bomba linaloingia kwenye sailensa na cha lile linalotoka, urefu wa mwili wa sailensa bila shingo zake (vile vipande vifupi vya bomba kwenye ncha zake), urefu wote pamoja na shingo, upana na kimo cha mwili, na mahali midomo ilipo. Hili la mwisho husahaulika kuliko yote. Kuna sailensa ambazo moshi huingia katikati na kutoka katikati, nyingine huingia pembeni na kutoka katikati, nyingine huingia pembeni moja na kutoka pembeni ya pili. Piga picha ukiwa umelala upande uleule ambao moshi huingilia, ili usije ukachanganya kulia na kushoto.

Kama huna kalipa (kifaa cha kupimia kipenyo), zungusha ukanda wa karatasi kwenye bomba, upime urefu wake, kisha ugawanye kwa 3.14. Ukanda wa milimita 200 hukupa milimita 63.7, maana yake bomba lako ni la inchi 2.5, ambayo ni sawa na milimita 63.5. Kwangua kutu kwanza, kwa sababu tabaka la kutu linaweza kuongeza milimita moja au mbili na kukupotosha.

Uliza daima kama kipimo cha shingo ya sailensa ni cha ndani au cha nje. Niliwahi kuagiza sailensa iliyoandikwa inchi 2.5 kwa ajili ya bomba la inchi 2.5, na muuzaji hakueleza kwamba kipimo kile kilikuwa cha nje. Ilipofika, shingo na bomba vilikuwa na unene mmoja. Viligusana mdomo kwa mdomo na hakuna kilichoweza kuingia ndani ya kingine. Ilibidi nitafute soketi mbili za kuunganishia na nilipie sehemu nne za kuchomelea badala ya klampu mbili, na gharama hiyo ya ziada ilimaliza unafuu wote ulionifanya ninunue sailensa ile. Bomba la inchi 2.5 kwa nje linahitaji shingo ya inchi 2.5 kwa ndani. Hilo ni jambo dogo kuliandika kwenye ujumbe kabla ya kulipa.

Mwisho, pima nafasi iliyopo. Mimi huacha pengo lisilopungua milimita 25 kati ya sailensa na kitu chochote kilicho karibu, na zaidi ya hapo karibu na tangi la mafuta, mabomba ya breki, nyaya na tairi la spea. Propela shafti na ekseli ya nyuma husogea, kwa hiyo nafasi iliyo juu ya ekseli ipimwe kwa kuzingatia pale ekseli itakapofika springi zikikandamizwa na mzigo, si pale ilipo pikapu ikiwa tupu.

Hatua ya 3: Ijue sailensa kwa ndani

Kwa nje sailensa nyingi hufanana. Tofauti yake iko tumboni. Ya kwanza ni ya kupitisha moja kwa moja: bomba lenye matundu limezungushiwa pamba ya kioo au sufi ya chuma, moshi unapita bila kupinda, na sauti humezwa na ile pamba. Hii huzuia moshi kidogo kuliko zote, lakini ni ya kelele zaidi, na pamba yake ikiungua au ikipeperuka kidogo kidogo, sauti huzidi mwaka hadi mwaka. Ya pili ni ya vyumba, ambayo haina pamba; kuta za chuma hurudisha mawimbi ya sauti ili yapambane yenyewe kwa yenyewe na kupungua. Hudumu vizuri kama kuta zake zimechomelewa barabara, na hutoa mngurumo mzito. Ya tatu ni ile yenye mabomba yenye matundu ambamo moshi huenda mbele, hurudi nyuma, kisha huenda mbele tena kabla ya kutoka. Sailensa nyingi za kiwandani zimetengenezwa hivyo, na ndizo tulivu kuliko nyingine.

Kwa pikapu ya kubebea mizigo ambayo dereva hukaa ndani yake saa nyingi, ningechagua ya aina ya tatu bila kusita. Anayetaka mngurumo kidogo achukue ya vyumba, tena yenye mwili mrefu. Ya kupitisha moja kwa moja naiona inafaa zaidi kwenye pikapu ya dizeli yenye tabo (kifaa kinachozungushwa na moshi ili kusukuma hewa ndani ya injini), kwa kuwa tabo yenyewe hupunguza kelele ya moshi kabla haujafika kwenye sailensa.

Hatua ya 4: Linganisha kipenyo na nguvu ya injini

Watu wengi huamini kwamba bomba pana zaidi ni bora zaidi, na wauzaji hawana sababu ya kuwasahihisha. Mafundi wa ekzosi hutumia makadirio mawili yanayosaidia: kila nguvufarasi 1 huhitaji upitishaji wa takriban futi za ujazo 2.2 kwa dakika, na kila inchi 1 ya mraba ya uwazi wa bomba hupitisha takriban futi za ujazo 115 kwa dakika. Injini ya nguvufarasi 180 basi inahitaji takriban futi za ujazo 396. Bomba la inchi 2.25 kwa nje, lenye ukuta wa milimita 1.65, lina uwazi wa takriban inchi 3.5 za mraba na hupitisha takriban 406, kwa hiyo linatosha. Bomba la inchi 2.5 lenye ukuta kama huo hufika takriban 507, yaani nguvufarasi 230, na la inchi 3 hufika takriban 744, yaani nguvufarasi zipatazo 338.

Hesabu hii ni ya kukadiria, lakini inatosha kukuepusha na kununua inchi 3 kwa injini ambayo haitaitumia. Bomba likizidi mno, sauti huwa kubwa na nafasi chini ya gari hupungua, na kinachopatikana kwenye nguvu hakionekani. Kama bomba lako la sasa ni la kiwandani na injini haijabadilishwa, sailensa yenye midomo ya kipenyo kilekile karibu kila mara ndiyo sahihi. Kubadilisha sailensa pekee, huku kataliti na mabomba mengine yakibaki kama yalivyo, huongeza nguvu kidogo sana, na ahadi ya ongezeko kubwa isiwe sababu ya kulipa bei kubwa.

Hatua ya 5: Sikiliza sauti utakayoishi nayo

Kebini ya pikapu ina ukuta bapa na kioo nyuma ya kichwa cha dereva, na mara nyingi bodi tupu inayofuata hutetemeka kama ngoma. Kwa hiyo tatizo la kuogopa kuliko kelele ya nje ni mvumo, yaani ile sauti nzito isiyobadilika inayojaa kebini kwa mwendo fulani na kuchosha masikio baada ya nusu saa. Mvumo una hesabu yake. Chukua mizunguko ya injini kwa dakika, gawanya kwa 60, kisha zidisha kwa nusu ya idadi ya silinda. Injini ya silinda 4 ikizunguka mara 2,000 kwa dakika hupiga mapigo takriban 67 kwa sekunde; ya silinda 6 kwa mizunguko hiyohiyo hupiga 100; ya silinda 8 kwa mizunguko 1,800 hupiga 120. Mapigo haya yakiangukia pale ambapo kebini yako huitikia, mvumo hutokea.

Endesha gari kwa mwendo wako wa kawaida wa barabara kuu na uandike mizunguko inayoonyeshwa kwenye dashibodi. Kisha mwombe muuzaji, au mtu aliyekwisha kuifunga sailensa hiyo kwenye pikapu kama yako, akurekodie sauti ndani ya kebini kwa mizunguko hiyo, ikiwezekana gari likiwa na mzigo na linapanda mlima, kwa kuwa hapo ndipo injini husukuma moshi mwingi. Rekodi ya gari lililosimama, simu ikiwa imeshikwa karibu na mdomo wa bomba, haikuambii chochote kuhusu safari.

Ukipewa takwimu za desibeli, uliza zimepimwa vipi. Kipimo cha gari lililosimama kwa mujibu wa kiwango cha kimataifa cha ISO 5130 huwekewa maikrofoni mita 0.5 kutoka mdomo wa bomba, kwa pembe ya digrii 45. Ukipimia mbali zaidi, namba hushuka bila sailensa kubadilika. Kumbuka pia kwamba desibeli haziongezeki kama kilo. Ongezeko la 3 ni nishati ya sauti mara mbili, na ongezeko la 10 sikio hulisikia kama sauti iliyokuwa maradufu, kwa hiyo tofauti ya 5 kati ya sailensa mbili si ya kupuuzwa.

Hatua ya 6: Chagua chuma

Sailensa za bei ya chini na ya kati nyingi ni za chuma cha kawaida kilichopakwa alumini. Tabaka hilo hulinda vizuri hadi pale linapokatwa au kuchomelewa. Hapo huungua, na kutu huanzia kwenye mshono. Chuma cha pua cha daraja la 409 kina kromiamu ipatayo asilimia 11. Hushika kutu ya kahawia juu juu, ambayo huwatia watu hofu bure, lakini huchelewa kutoboka. Daraja la 304 lina kromiamu ipatayo asilimia 18 na nikeli ipatayo asilimia 8, na ndilo linalostahimili chumvi na unyevu kuliko hayo mengine.

Muuzaji akisema tu kwamba ni chuma cha pua, mwulize daraja, na ubebe sumaku ndogo mfukoni. Sumaku hunasa kwa nguvu kwenye 409 na kwenye chuma kilichopakwa alumini, lakini kwenye 304 haishiki, au hushika kwa udhaifu mahali palipokunjwa. Ukitozwa bei ya 304 na sumaku ikang'ang'ania katikati ya mwili wa sailensa, una haki ya kuhoji. Angalia kama kuna tundu dogo la kutolea maji sehemu ya chini, na ubonyeze kwa kidole gumba: mwili wa tabaka moja jembamba hubonyea, na ndio unaotoa mlio wa kopo.

Kwa pikapu ambayo mwenyewe anakusudia kukaa nayo miaka mingi, 409 naiona kuwa chaguo la busara mahali pengi. Mwenye kuishi karibu na bahari, au mahali barabara hunyunyiziwa chumvi wakati wa theluji, alipie 304. Anayetarajia kuuza gari mwaka ujao hana haja ya kupita chuma kilichopakwa alumini.

Hatua ya 7: Angalia sheria

Nchi nyingi zina kiwango cha kelele na hukataza kuondoa kataliti au chujio la masizi la dizeli. Badili sailensa tu na uviache vifaa hivyo mahali pake. Panapofuatwa kanuni za Umoja wa Mataifa za magari, sailensa mbadala hukaguliwa kwa Kanuni namba 59, na iliyopita huwa na alama ya herufi E pamoja na namba ya nchi ndani ya duara, iliyogongwa kwenye chuma chenyewe. Uliza ofisi ya ukaguzi wa magari kabla ya kununua, kwa sababu sailensa itakayokuangusha kwenye ukaguzi italazimika kutolewa, nawe utakuwa umelipia zote mbili.

Hatua ya 8: Kadiria bei ya kazi nzima

Sasa ndipo uulize bei. Chora safu mbili kwenye karatasi, moja kwa kila sailensa unayoifikiria, na uandike sailensa yenyewe, usafirishaji, ushuru ikiwa inaagizwa, vipande vya bomba, soketi, klampu, raba za kuning'inizia, gasketi, boti, kazi ya kutoa ya zamani, na kazi ya kufunga mpya. Boti zilizoshikwa na kutu zinastahili kutajwa peke yake. Fundi akizivunja, kazi ya nusu saa inaweza kuwa ya nusu siku, kwa hiyo kubalianeni mapema nani atalipia kuzitoboa na kuzibadilisha.

Usafirishaji una mtego wake. Sailensa ni kubwa lakini ndani kuna uwazi mwingi, na kampuni nyingi za vifurushi hutoza kwa ujazo pale ujazo unapozidi uzito. Boksi la sentimita 60 kwa 30 kwa 25 lina sentimita za ujazo 45,000. Ukigawanya kwa 5,000, kigawanyo kinachotumika sana, unapata kilo 9 za kulipia, hata kama mizani inasoma kilo 6. Uliza vipimo vya boksi, si uzito tu.

Chukua mfano, tukiipa sailensa ya kwanza bei ya 100 ili tuweze kulinganisha. Hii ni ya kuchomelea, ya chuma kilichopakwa alumini, na inahitaji vipande vya bomba, raba na kazi ya fundi vyenye jumla ya 70. Gharama yake ni 170. Ya pili ni ya 409, imetengenezwa maalumu kwa pikapu yako na hufungwa kwa boti. Yenyewe ni 160, gasketi na boti ni 15, kazi ni 20, jumla 195. Dukani zilipishana kwa 60, lakini gari likitoka gereji zinapishana kwa 25. Tuseme ya kwanza itadumu miaka 4 na ya pili 7: ya kwanza itakugharimu 42.5 kwa mwaka, ya pili takriban 28. Weka namba zako mwenyewe, na kama hujui umri, tumia muda wa dhamana kama kadirio la tahadhari.

Dhamana nayo isomwe neno kwa neno. Iitwayo ya maisha mara nyingi humhusu mnunuzi wa kwanza mwenye risiti, hulipia kifaa bila kazi ya fundi, na wakati mwingine huacha nje kutu, ambayo ndiyo inayoua sailensa nyingi. Uliza pia kama sailensa iliyokwisha kuchomelewa inaweza kurudishwa. Karibu kila mahali jibu ni hapana, na ndiyo sababu ya kuijaribisha mahali pake kabla ya kuwasha mashine ya kuchomelea.

Wape mafundi wawili au watatu karatasi ileile ya vipimo na uwaombe bei iliyochanganuliwa. Anayetoa jumla bila mchanganuo si lazima awe mdanganyifu, lakini huwezi kumlinganisha na mwenzake. Bei ya chini mno ihakikiwe kwa mizani: sailensa mbili za ukubwa na muundo mmoja zikipishana sana uzito, nyepesi ina chuma chembamba. Bei ya juu mno mara nyingi ni ya jina na mng'aro, na mng'aro chini ya pikapu hufunikwa na tope siku ya kwanza. Usiidharau pia sailensa halisi iliyotumika, iliyotolewa kwenye gari lililopata ajali likiwa na umri mdogo. Ikipita jaribio la kugongwa na la sumaku, inaweza kuwa nafuu kuliko mpya yoyote, na inaingia mahali pake bila kuchomelewa.

Hatua ya 9: Funga na ukague

Ining'inize kwanza kwenye raba zote bila kukaza, uisukume kwa mkono pande zote, na uhakikishe kwamba haigusi kitu, tundu la maji likiwa chini. Kabla ya kuchomelea, tenganisha betri, funika tangi na mabomba ya mafuta, na usitumie bomba la mabati, kwa kuwa moshi wa zinki inayoungua humtia fundi homa. Mdomo wa bomba lazima uishie nje ya ukingo wa bodi, hasa kama bodi imefunikwa, kwa sababu kaboni monoksidi haina rangi wala harufu na huweza kurudi hadi kebini.

Washa injini gari likiwa mahali pa wazi, vaa glavu nene, na uzibe mdomo wa bomba kwa kitambaa kizito kwa sekunde chache: palipo na uvujaji utasikia mchirizo wa hewa. Baada ya kilomita 100 hivi, gari likiwa limepoa, rudi chini ukaze klampu upya, kwa kuwa chuma kimetanuka na kusinyaa mara kadhaa, kisha pakia mzigo wako wa kawaida na uangalie tena lile pengo la juu ya ekseli.